Mzee Aliyepimwa kwa Dhahabu

Mwalimu mlezi wa chama chetu alipotangaza kwamba mwaka huu kila mtu aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekufa zamani, wenzangu wa kidato cha tatu waliwahi majina yote mazuri. Kimathi alichukuliwa na watu watatu. Mekatilili wa Menza akaenda, na Shaaban Robert naye akaenda kabla hata sijanyoosha mkono. Nilibaki nimekodoa macho, mpaka nikamkumbuka mzee mmoja ambaye mjomba wangu alikuwa amemtaja nyumbani siku chache kabla, tena kwa hasira. Mzee huyo ni Aga Khan wa Tatu, jina lake hasa Sultan Muhammad Shah, yule aliyeketi kwenye mizani mjini Nairobi, yeye upande mmoja na dhahabu upande wa pili.

Kwa nini mjomba amtaje kwa hasira? Hapo lazima niwape habari za nyumbani kidogo, mnivumilie.

Nyanya yangu mzaa mama, ambaye kwa Kiborana tunamwita Akko, alifariki mwaka jana. Alikuwa akiuza maziwa ya ngamia hapa Isiolo, yale yanayopakiwa kwenye basi asubuhi kwenda Nairobi. Ng'ombe wake waliisha katika ule ukame wa 2020 hadi 2023, na babu alikuwa ametangulia zamani, kwa hiyo kitu cha maana alichoacha ni bangili nne za fedha. Si zile nyepesi za sokoni, la hasha. Hizi ni nzito, na mwenyewe alikuwa akitueleza kwamba zilifuliwa na mhunzi kutokana na riale, yaani zile sarafu kubwa zenye sura ya malkia Maria Theresa wa Austria na mwaka 1780, ambazo watu wa Uhabeshi na wa pwani walizitumia miaka mingi sana. Riale moja ina uzito wa gramu 28 hivi, na kila bangili ilikula riale mbili.

Watoto wa Akko ni watatu: mjomba, mama, na mama mdogo. Kwa mirathi ya Kiislamu mtoto wa kiume hupata mafungu mawili na wa kike fungu moja, basi hesabu ilikuwa nyepesi kuliko zote nilizowahi kupewa darasani. Bangili mbili za mjomba, moja ya mama, moja ya mama mdogo. Mjomba akasema ziuzwe zote nne, pesa zitolewe sadaka kwa niaba ya marehemu, linunuliwe tangi la maji la madrasa, kwa maana watoto wa madrasa ile wanabeba maji kwenye vibuyu vya plastiki kutoka nyumbani. Mama mdogo akakubali papo hapo. Mama akanyamaza. Alipofungua mdomo alisema bangili ile ni mkono wa mama yake, naye hawezi kuupeleka kwa sonara ukayeyushwe. Mjomba akawaka: ati hata Aga Khan alipimwa kwa dhahabu na dhahabu yote ikawa sadaka, sembuse kibangili kimoja! Mama naye akamjibu kwamba Aga Khan gani huyo, si alibeba dhahabu ya watu akaenda nayo Ulaya kununulia farasi? Mimi nilikuwa nakoroga chai. Nikaona wote wawili wana uhakika kabisa na hakuna hata mmoja anayejua. Na bila ya mama kukubali, fungu lake haliguswi. Hiyo ndiyo sheria, na mjomba mwenyewe aliijua.

Ndiyo sababu nikamchagua mzee huyu. Nilitaka kujua ile dhahabu ilikwenda wapi.

Alizaliwa Karachi tarehe 2 Novemba 1877. Baba yake, Aga Ali Shah, alikuwa Imamu wa Waismailia, ambao ni madhehebu ya Kishia. Sisi wa hapa nyumbani si wa madhehebu hayo, nami sitajitia kuyafafanua nisije nikakosea. Itoshe kusema kwamba Waismailia wana Imamu aliye hai ambaye humfuata kizazi kwa kizazi, na kwamba jina Aga Khan ni cheo alichopewa babu yake huko Uajemi, kabla hajahamia India miaka ya 1840.

Mwezi wa Agosti 1885 baba alifariki, na mtoto akawa Imamu. Hebu hesabuni wenyewe: hakuwa ametimiza hata miaka minane. Wadogo zetu wa darasa la pili! Maiti ya baba ilipelekwa mbali, hadi Najaf nchini Iraki, ikazikwa karibu na kaburi la Imamu Ali. Hapa nilisimama kidogo katika kusoma kwangu, kwa sababu kuba la kaburi hilo la Najaf ni la dhahabu. Nadir Shah, mfalme wa Uajemi, ndiye aliyeamuru lifunikwe kwa dhahabu katika karne ya 18, baada ya kurudi na mali nyingi kutoka India. Wengine wengi, wafalme na matajiri, wamepeleka huko taa za fedha na vitu vya dhahabu kumkumbuka aliyelala pale. Hiyo ni namna moja ya kumtolea marehemu madini ya thamani: unaipeleka kaburini, inabaki kaburini, inang'aa, na msafiri anaiona kutoka mbali. Sisemi ni vibaya. Lakini nadhani mtoto yule alikua akijua jambo hilo vizuri, kwamba mifupa ya baba yake iko chini ya mwanga wa dhahabu ya mfalme. Yeye mwenyewe alikuja kufanya vingine.

Mama yake ndiye aliyemlea na kumsimamia. Nasikia alikuwa mwanamke mkali wa hesabu na wa ratiba. Kijana alifundishwa Kiajemi, Kiarabu, Kiingereza na Kifaransa, na saa za kucheza zilikuwa chache kuliko hata zetu sisi tunaosoma mpaka jioni halafu tunatembea kurudi Bulapesa kwa miguu.

Kuna kisa cha ujana wake ambacho kitawagusa wote mnaokumbuka siku za Korona. Mwaka 1897 tauni ilikuwa inaua watu Bombay. Mwanasayansi mmoja, Waldemar Haffkine, alikuwa ametengeneza chanjo, lakini watu waliiogopa, maneno yakazagaa kama moto wa nyikani. Aga Khan, kijana wa miaka kumi na tisa, akampa Haffkine jumba lake litumiwe kama maabara. Halafu akachanjwa mbele za watu. Akachanjwa tena, na tena, ili wafuasi wake waone kwamba hafi. Wengi wao wakakubali chanjo. Mimi binafsi kisa hiki nakipenda kuliko habari zake zote za kifahari.

Mwaka 1899 alifika Afrika Mashariki kwa mara ya kwanza, akashukia Unguja. Wafuasi wake walikuwa wameanza kuja zamani kutoka Kachchh na Gujarat, wakafungua maduka pwani, kisha wakaingia bara. Mkubwa wao alikuwa Allidina Visram, ambaye maduka yake yaliifuata reli mpaka Uganda. Alipokufa mwaka 1916, mwanawe alimjengea kumbukumbu, lakini si mnara wala kuba: ni shule, ile Allidina Visram ya Mombasa iliyofunguliwa mwaka 1923 na ambayo mpaka leo tunakutana nayo kwenye matokeo ya mtihani. Aga Khan alirudi mwaka 1905. Safari hiyo Waismailia wa Afrika Mashariki walipewa katiba ya kuendesha mambo yao, na shule ya wasichana ikaanzishwa Unguja. Wasichana, mwaka 1905! Kwa hili mama yangu alitikisa kichwa, akasema hilo hakulijua.

Sasa nije kwenye kesi, maana kama mko kama mimi mnapenda kesi. Aga Khan wa Kwanza, yule babu, alikuwa ameacha mali nyingi na jamaa wengi. Binamu mmoja wa Aga Khan wa Tatu, mwanamke aitwaye Haji Bibi, alimshtaki katika Mahakama Kuu ya Bombay. Alidai kwamba mali ile na sadaka zinazotolewa na waumini ni za ukoo mzima, kwa hiyo na yeye ana fungu lake. Mwaka 1908 jaji alitoa hukumu: sadaka hizo ni za Imamu mwenyewe, si mirathi ya kugawana. Haji Bibi akashindwa.

Nilipowasimulia nyumbani kisa hiki mjomba alifurahi sana, kana kwamba ameshinda yeye. Nikamwambia kwa heshima kwamba angoje, maana hukumu hii inakata pande mbili. Kama sadaka ni mali yake mwenyewe, basi hakuna wa kumwuliza akiitumia kununua farasi. Na farasi alinunua kweli! Mama hakukosea hapo. Farasi wake walishinda mbio kubwa ya Derby ya Uingereza mara tano, miaka ya 1930, 1935, 1936, 1948 na 1952. Aliishi Ulaya miaka mingi, akavaa suti nzuri, akala na wafalme. Maswali aliyoulizwa na watu wa wakati wake ndiyo hayo hayo aliyoyauliza mama yangu akiwa ameinamia jiko.

Siasa zake nitazipitia mbio kwa sababu mwalimu wa historia anaweza kuwaeleza vizuri zaidi. Mwaka 1906 aliongoza ujumbe wa Waislamu wa India kwenda kwa Gavana Mkuu huko Simla, na akawa rais wa kwanza wa Muslim League. Mwaka 1911 alizunguka miji ya India akichangisha fedha ili chuo cha Aligarh kigeuzwe kuwa chuo kikuu, jambo lililotimia mwaka 1920. Mwaka 1937 alichaguliwa kuwa rais wa mkutano mkuu wa Shirika la Mataifa huko Geneva, lile lililotangulia Umoja wa Mataifa. Katikati ya hayo yote alipata msiba: mtoto wake wa kwanza wa kiume, Mahdi, alikufa akiwa mchanga mwaka 1911. Mwaka huo huo akazaliwa Aly.

Na sasa mizani.

Watu wengi hudhani kupima mtu kwa dhahabu ni majivuno yaliyozuliwa na matajiri. Kumbe desturi ni ya zamani. Wafalme wa Kimoghuli wa India, akina Akbar na Jahangir, walikuwa wakipimwa kwa dhahabu na fedha na vitu vingine, kisha vitu hivyo wakagawiwa maskini. Na kwa nini niende India? Hapa hapa Isiolo, mtoto wa Kiislamu akifika siku ya saba hunyolewa nywele, na nywele zile hupimwa, na fedha ya uzito huo ikatolewa sadaka. Uzito ni mdogo mno, nywele za mtoto mchanga hazifiki hata gramu moja mbili, lakini ni mizani ile ile. Wengi wetu tunaosoma gazeti hili tulipimwa kwa fedha kabla hatujajua kukaa. Lugha yetu yenyewe inatusaidia hapa: madini ni fedha, na pesa ni fedha, neno moja, na wala hatuchanganyikiwi.

Mwaka 1936 miaka hamsini ya uimamu wake ilisherehekewa Bombay, akapimwa kwa dhahabu. Waismailia wa Afrika Mashariki wakasema na sisi tunataka. Tarehe 1 Machi 1937, Nairobi, mizani kubwa ikatengenezwa. Aga Khan, mzee mnene wa miaka 59, akaketi upande mmoja, na upande wa pili vipande vya dhahabu vikapangwa kimoja kimoja mpaka vitanga vikalingana. Uzito wake ulikuwa kama kilo mia moja hivi. Mkitaka kuelewa, ni mifuko miwili ya saruji. Sasa badala ya saruji wekeni dhahabu.

Nakiri nilipoona picha ya siku ile nilicheka kidogo, kwa maana mtu mzima aliyevaa vizuri na kukaa kwenye mizani ana sura ya mtu anayengoja kinyozi. Baadaye nikaacha kucheka. Nilifikiria wenye maduka madogo waliochanga. Miaka michache kabla ya hapo dunia ilikuwa imepata anguko kubwa la uchumi, bei za mazao zimeporomoka. Kulikuwa na mwanamke mahali fulani, mimi sina shaka, aliyevua kitu mkononi ili kuchangia. Je, alivua kwa moyo mkunjufu, au kulikuwa na mjomba aliyesimama mlangoni? Vitabu havisemi habari zake.

Na dhahabu ilikwenda wapi? Mali ilitolewa kwake bila masharti, naye akairudisha kwa jamii yake itumike kwa shule, hospitali na kuwainua watu kiuchumi. Mwaka huo huo wa 1937 kampuni ya bima ya Jubilee ikaanzishwa Mombasa, na jina lake limetokana na sherehe ile. Kwa hiyo mama hakuwa sahihi. Farasi walilishwa kwa mali nyingine. Ile ya kwenye mizani ilibaki kwa watu.

Mwaka 1946 ndio ulionifungua macho zaidi. Ilikuwa miaka sitini ya uimamu, na safari hii ni almasi. Alipimwa Bombay mwezi wa Machi, kisha Dar es Salaam tarehe 10 Agosti. Uzito wake ulikuwa ratili 243 na nusu, kama kilo 110, na almasi zile zilikuwa na thamani ya pauni 640,000 hivi. Lakini sikilizeni hili: almasi hazikuwa zao. Ziliazimwa kutoka kwa wafanyabiashara wa almasi wa London! Zikaja, zikawekwa kwenye mizani, zikarudi kwa wenyewe. Waumini walichanga thamani yake. Zikapimwa Bombay, zikapimwa Dar es Salaam, na hakuna hata jiwe moja lililovunjwa au kuuzwa. Kilichobaki ni thamani, na thamani hiyo ndiyo iliyotiwa katika mfuko wa kuwakopesha watu wajenge nyumba na kufungua biashara. Ukumbi wa Diamond Jubilee kule Upanga, Dar es Salaam, umebeba jina la siku hizo.

Niliposoma hapo nilifunga kitabu. Msimamizi wa maktaba akaniuliza kama ninaumwa.

Hakuwasahau kabisa Waislamu wasiokuwa wa madhehebu yake, na hili kwetu sisi wa huku ni jambo la kusema. Mwaka 1945 aliasisi Mombasa jumuiya ya ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, akaahidi kwamba kwa kila shilingi itakayochangwa na wengine, yeye ataongeza shilingi. Misikiti na shule zikajengwa kwa mpango huo. Alichangia pia, pamoja na Sultani wa Zanzibar na jamii ya Mabohora na serikali, kujenga chuo cha ufundi cha Waislamu cha Mombasa kilichopokea wanafunzi mwaka 1951. Chuo hicho kimebadilika majina mara kadhaa, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Ndugu zetu wawili waliomaliza hapa shuleni wako huko sasa hivi, nao sidhani kama wanajua.

Mwaka 1954 alipimwa tena mjini Karachi alikozaliwa, kwa platini, madini ambayo mimi niliyajua kwa ajili ya somo la kemia tu. Alikuwa mzee wa miaka sabini na sita na afya imeshazorota. Kwa kuadhimisha jubilii hiyo Waismailia wa Kenya walianza kujenga hospitali Nairobi. Ilifunguliwa mwaka 1958. Lakini yeye hakuiona, kwa sababu alifariki tarehe 11 Julai 1957 huko Versoix, karibu na Geneva. Basi zawadi iliyoanza kama sherehe ya mtu aliye hai ikafika mlangoni ikiwa kumbukumbu ya marehemu. Watu walikuwa wanachanga kwa furaha, wakamaliza kuchanga kwa msiba, na vitanda vya wagonjwa ni vile vile.

Wengi walitarajia mwanawe Aly amrithi. Wosia uliposomwa, ilionekana amemchagua mjukuu, Karim, kijana wa miaka ishirini aliyekuwa bado chuoni. Karim alitawazwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala mwezi wa Oktoba 1957. Huyu ndiye aliyenunua gazeti la Taifa mwaka 1959, na kulianzisha la Daily Nation mwaka 1960, kwa hiyo sisi wapenzi wa Taifa Leo tuna deni naye kidogo.

Aga Khan wa Tatu hakuzikwa Najaf kwa baba yake. Alitaka alale Aswan, Misri, juu ya kilima kando ya Mto Naili, mahali alipopenda kwenda wakati wa baridi. Mwaka 1959 mwili ulihamishiwa katika jengo lililokamilishwa huko kwa ajili yake. Kaburi lenyewe ni la marumaru nyeupe. Nilitafuta habari za dhahabu hapo, kwa maana mtu aliyepimwa kwa dhahabu na almasi na platini ungetegemea walau mlango ung'ae. Nilichopata ni waridi. Mjane wake, Begum Om Habibeh, ambaye alizaliwa Ufaransa kwa jina la Yvette Labrousse, aliagiza kwamba kila siku waridi moja jekundu liwekwe juu ya kaburi. Alipokuwa Aswan aliliweka mwenyewe. Akiwa hayupo, mtunza bustani aliliweka. Ilikuwa hivyo mpaka Begum akafariki mwaka 2000, akazikwa kando yake. Na Karim naye alipofariki Lisbon tarehe 4 Februari 2025, alipelekwa kuzikwa huko huko Aswan.

Narudi nyumbani sasa, maana najua mnangoja.

Mjomba na mama mdogo waliuza bangili zao tatu kwa sonara mmoja mjini. Sonara alizipima: gramu 169 zote. Alitoa shilingi 90 kwa gramu, zikawa shilingi 15,210. Mjomba alirudi akazihesabu mezani mara mbili. Tangi la lita 2,000 lilikuwa linauzwa shilingi 20,000. Hakusema neno, ila alimwangalia mama.

Mimi ndipo nikamweleza mama habari za almasi za mwaka 1946, jinsi zilivyoazimwa na kurudi, na watu wakalipa uzito wake. Sikumshauri, maana mtoto hashauri katika mambo ya mirathi. Nilisimulia tu, kama vile najizoesha kuandika makala haya. Mama alikuwa anasafisha madumu ya maziwa. Ameachiwa biashara ile na Akko, pamoja na wateja wote.

Asubuhi ya Jumamosi aliniambia nimsindikize. Tulikwenda kwa yule yule sonara. Mama akavua bangili, akaiweka kwenye mizani. Sonara akasoma: gramu 56, shilingi 5,040. Akanyoosha mkono kutoa pesa kwenye droo, na mama akamwambia asihangaike, yeye alitaka kujua uzito tu. Sonara hakufurahi. Mama akamwomba aipime mara ya pili, kisha akaivaa, akaaga.

Tangi lilinunuliwa wiki ile kwa pesa za bangili tatu, na mwenye duka akakubali deni la shilingi 4,790 kwa jina la mama. Zile 250 zinazobaki mpaka kufikia uzito wa bangili, mama alisema zitanunua mfereji wa tangi. Anatoa mia mbili mia tatu kila wiki kutoka kwenye maziwa. Siku ninapoandika haya amebakiza shilingi 900.